Namba 86: Neno la Jikoni Lililosomwa kama Tishio la Kuua

Tarehe 15 Mei 2025, James Comey, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa FBI nchini Marekani, aliweka Instagram picha ya makombe ya baharini yaliyopangwa mchangani yakasomeka 86 47. Donald Trump ni rais wa 47. Kabla siku haijaisha, maofisa wa serikali walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba huo ni wito wa kumuua rais. Comey aliifuta picha akaandika kwamba hakujua kuna watu wanaozihusisha namba hizo na umwagaji damu, na kesho yake akahojiwa na Secret Service, idara inayomlinda rais. Upande wa pili ulijibu kwa kejeli kwamba 86 ni neno la wahudumu wa mgahawa tu, na kwamba anayeona damu ndani yake ameitafuta mwenyewe. Pande zote mbili zilikosea mahali pamoja: zote zilikwenda kuitafuta maana kwenye asili ya neno. Kiingereza kina makumi ya maneno ya kumtoa mtu au kukitupa kitu, na hakuna hata moja unaloweza kulielewa kwa kujua lilizaliwa wapi. Maana yake inajulikana kwa kuuliza mtu ametolewa kutoka wapi, nani mwenye mamlaka ya kumtoa, na kama anaruhusiwa kurudi. Anayetafsiri habari kwa Kiswahili bila kuuliza hayo matatu ataandika "kufukuza" pale ambapo mtu ameuawa, na "kuua" pale ambapo samaki wameisha jikoni.

Tuanze na jikoni, maana ndiko ushahidi wa zamani zaidi uliopo. Katika miaka ya 1930, maduka ya dawa ya Marekani yalikuwa na kaunta za soda na aiskrimu, na vijana waliohudumu hapo walikuwa na lugha yao ya kuitana mbele ya wateja. Mwaka 1933 mwandishi wa safu za magazeti Walter Winchell alichapisha orodha ya maneno hayo: 81 ilikuwa glasi ya maji, 13 ilikuwa onyo kwamba bosi mmoja anazungukazunguka, na 86 ilikuwa kwamba kitu kilichoagizwa kimekwisha. Matumizi hayo yako hai hadi leo katika jiko lolote la mgahawa wa Kimarekani. Mpishi akiona zimebaki sahani mbili za samaki, humwambia msimamizi. Ya mwisho ikitoka, hutangaza kwa sauti kwamba samaki ni 86, wahudumu huitikia kwamba wamesikia, jina la chakula huandikwa ubaoni karibu na dirisha la kutolea sahani, na anayehusika na mashine ya oda hukizuia kisiingizwe tena. Neno lazima liwe fupi na litamkike kwa namna moja, kwa sababu kelele za jikoni hazimpi mtu nafasi ya kusikia sentensi nzima. Mhudumu asipolisikia, atapokea oda ya chakula kisichokuwepo, atarudi mezani kuomba radhi, na mteja atakuwa amesubiri dakika ishirini bure.

Kutoka kwenye kitu neno likahamia kwa mtu, na njia ya kuhama inaonekana vizuri. Samaki aliye 86 hauzwi tena. Mlevi aliye 86 hauziwi tena. Kufikia miaka ya 1940 wahudumu wa baa za Marekani walikuwa wakilitumia kwa mteja asiyestahili kuongezwa kinywaji, halafu kwa mteja anayetakiwa kutoka, halafu kwa mteja aliyepigwa marufuku kuingia kabisa. Likageuka kitenzi kamili, likapokea viambishi vya wakati uliopita kama kitenzi kingine chochote. Sisi tunazo namba zinazobeba maana, kama adui anapoingia kwenye kumi na nane zako, lakini hatuna namba tunayoinyambua, na ndiyo maana habari ile ilimchanganya msomaji wa Kiswahili kuliko ilivyomchanganya Mmarekani. Kutoka baa likaingia siasa. Mwaka 2020, gavana wa Michigan Gretchen Whitmer alipohojiwa kwenye televisheni, beji ya 86 45 ilionekana nyuma yake, Trump akiwa rais wa 45. Mwaka 2022 Jack Posobiec, mwanaharakati wa upande wa Trump, aliandika mtandaoni 86 46, na wa 46 alikuwa Joe Biden. Namba ilikwisha kuwa mali ya kambi zote mbili muda mrefu kabla ya yale makombe.

Hoja ya walioona tishio si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba maana ya kuua ipo. Kamusi za misimu zinaiorodhesha, na imetumika katika hadithi za majambazi na makachero tangu nusu ya pili ya karne ya 20. Kamusi ya Merriam-Webster inasema kwamba imekutana na maana hiyo lakini haijaiingiza, kwa kuwa ni changa na haitumiki sana. Ni kweli pia kwamba Trump alipigwa risasi sikioni huko Butler, Pennsylvania, tarehe 13 Julai 2024, miezi kumi tu kabla ya picha ile. Mlinzi wa rais hana kazi ya kusubiri watunga kamusi wamalize mjadala. Kazi yake ni kuuliza maswali, na kumhoji aliyeweka picha ni sehemu ya kazi hiyo. Lakini kuhoji hakuna maana moja na kuhukumu. Afisa anahoji kwa sababu neno lina maana zaidi ya moja. Lingekuwa na moja pasingekuwa na cha kuhoji. Wanasiasa waliotangaza maana kabla ya mahojiano walilifunga neno ambalo walinzi wenyewe walikuwa bado wanalifungua.

Hoja dhaifu kuliko zote ilikuwa ile ya kaburi. Ilisambazwa na watu wengi waliosema kwamba 86 ni vipimo vya shimo la maiti, futi nane urefu na futi sita kwenda chini, au kwamba ni maili themanini nje ya mji na futi sita ardhini. Hakuna maandishi ya zamani yanayoonyesha mtu akilitumia neno hili kwa maana ya kaburi kabla ya maana ya jikoni. Maelezo hayo yametungwa baadaye na watu waliokwisha kujua maana wanayoitaka, wakazitafutia namba kazi. Kanuni ya kuchunguza asili ya neno ni nyepesi: tafuta tarehe ya kwanza ya maandishi, kisha uliza kama chanzo kinachodaiwa kilikuwepo kabla yake. Wapo wanaosema 86 inatokana na Ibara ya 86 ya sheria ya kijeshi ya Marekani, inayohusu askari anayetoroka kambini. Ibara hiyo ipo kweli, lakini sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 1950, miaka 17 baada ya orodha ya Winchell. Wapo wanaotaja baa ya Chumley's iliyokuwa namba 86 mtaa wa Bedford, New York, enzi za marufuku ya pombe, ambako wateja waliambiwa watokee mlango wa namba hiyo polisi wakija. Tarehe zinakubali, lakini hakuna maandishi ya wakati ule yanayoliunganisha neno na mlango huo. Wapo wanaotaja ghorofa ya 86 ya Empire State Building, iliyofunguliwa 1931, kwamba ndipo lifti ilipowamwaga wageni. Maelezo yanayopewa uzito zaidi na watunga kamusi hayana msisimko wowote: huenda themanini na sita kwa Kiingereza ilichaguliwa kwa kuwa inafanana vina na neno la mtaani "nix", lililotoka kwenye Kijerumani na lenye maana ya hakuna. Yaani pengine 86 ilikuwa "hakuna" iliyofichwa ndani ya namba.

Hata hivyo, tuseme hadithi ya kaburi ingekuwa kweli. Bado isingethibitisha kitu. Kiingereza kina neno "defenestrate", kumrusha mtu dirishani, lililoundwa kwa Kilatini cha dirisha, na asili yake ni ya kutisha hasa. Tarehe 23 Mei 1618, Waprotestanti wa Bohemia, ambayo sasa ni sehemu ya Ucheki, waliingia kwenye ngome ya Praha wakawarusha dirishani magavana wawili wa mfalme, Slavata na Martinic, pamoja na katibu wao Fabricius. Walianguka kama mita 21 na wote watatu wakapona. Fabricius baadaye alipewa hadhi ya ukabaila kwa jina lenye maana ya mtu wa anguko refu. Tukio hilo lilifungua Vita vya Miaka Thelathini. Mjini humohumo, mwaka 1419, wafuasi wa mhubiri Jan Hus walikuwa wamekwisha kuwarusha madiwani kutoka ukumbi wa mji, na wale hawakupona. Kwa asili, basi, hili ni neno la jaribio la kuua. Lakini magazeti ya Uingereza yanapoandika kwamba waziri mkuu Margaret Thatcher alifanyiwa "defenestration" na chama chake Novemba 1990, hakuna msomaji anayeangalia dirisha. Wabunge wake walimnyima kura za kutosha katika duru ya kwanza akajiuzulu, basi. Neno lililozaliwa na watu kurushwa ghorofani limekuwa neno la kikao cha chama, na neno lililozaliwa na sahani kuisha limesomwa kama risasi. Asili haikusaidia kwa lolote kati ya hayo mawili. Anayelitafsiri la kwanza kwa tafsiri sisisi, akaandika kwamba waziri mkuu alirushwa dirishani, ametoa habari ya uongo huku kila neno lake likiwa na ushahidi wa kamusi.

Ndipo yanapoingia yale maswali matatu, na la kwanza ni kutoka wapi. Kiingereza hutenganisha milango. Anayetolewa kwenye nyumba ya kupanga ni "evicted", na ndani ya neno hilo kuna kitenzi cha Kilatini cha kushinda: zamani lilimaanisha kurudishiwa mali kwa kushinda kesi. Mahakama iko ndani ya neno. Mwenye nyumba anayebomoa kitasa usiku na kurusha magodoro nje hafanyi kitendo hicho, hata kama mpangaji ameishia barabarani vilevile. Kiingereza cha mtaani kingesema amemtupa nje, na wakili wa mpangaji angeishikilia tofauti hiyo kwa mikono miwili. Kwa Kiswahili wote wawili tunawaandika wamefukuzwa, na hapo haki ya mpangaji inapotea katikati ya sentensi. Mwanafunzi wa Oxford au Cambridge aliyesimamishwa kwa muda alikuwa "rusticated", yaani amepelekwa shamba kwa muhula mmoja au zaidi. Aliyefukuzwa moja kwa moja alikuwa "sent down", ameteremshwa, kwa sababu kwenda kwenye vyuo hivyo kulisemwa ni kupanda. Anayetolewa klabu ya usiku hutolewa kwa kudundishwa kama mpira, na aliyemtoa ni yule tunayemwita baunsa. Tumechukua mtu, tukakiacha kitenzi.

Neno "eject", kutoa nje kwa nguvu, lina historia ambayo kila mwanahabari anapaswa kuijua, kwa sababu imezaa jina tunalokutana nalo kila wiki kwenye habari za polisi wa Marekani. Katika sheria ya Uingereza ya zamani, kesi ya kudai umiliki wa ardhi ilikuwa ndefu na yenye mitego mingi. Kesi ya mpangaji aliyetolewa kwenye shamba kwa nguvu ilikuwa ya haraka, lakini ilikuwa ya wapangaji tu. Mawakili wakabuni njia. Mdai alijifanya amempangisha shamba mtu wa kubuni, John Doe. Kisha ikadaiwa kwamba John Doe ametolewa shambani na mtu mwingine wa kubuni, Richard Roe. Richard Roe akamwandikia barua mkaaji halisi wa shamba: mimi nimeshtakiwa, sina hati yoyote, njoo ujitetee wewe. Mkaaji akifika, mahakama ilimruhusu kujitetea kwa sharti kwamba akubali upangaji ule, kuingia kule na kutolewa kule, mambo ambayo hayakuwahi kutokea. Likabaki swali moja tu, ardhi ni ya nani. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1852, na John Doe akabaki kuwa jina la mtu asiyejulikana. Kwa muda mrefu, basi, Waingereza walikuwa na kutolewa ambako hakuna mtu aliyetolewa.

Ndugu yake ni "oust", lililotoka kwenye Kifaransa cha mahakama za Uingereza, nalo lilihusu kunyang'anywa ardhi kabla halijawa neno la marais wanaopinduliwa. Hapa kuna jambo linalotugusa moja kwa moja. Wanasheria huita "ouster clause" kifungu kinachoizuia mahakama kulisikiliza jambo fulani. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania ya 1977, inayosema mahakama yoyote haitachunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na Tume, ni mfano wake. Mtafsiri anayeijua maana ya kwenye vichwa vya habari peke yake atadhani ni kifungu cha kumng'oa rais. Ni kinyume kabisa: kinachotolewa nje ni mamlaka ya mahakama, na rais ndiye anayebaki ndani. Kwa Kiswahili kiitwe kifungu kinachoiondolea mahakama mamlaka, hata kama ni kirefu.

Swali la pili ni nani anatoa. Kumfukuza mtu kazi kwa Kiingereza cha kila siku ni "sack" au "fire". La kwanza limeonekana tangu miaka ya 1820, na Kifaransa kilikuwa na msemo unaofanana nalo mwanzoni mwa karne ya 17, wa kumpa mtu mfuko wake. Kwamba ulikuwa mfuko wa zana za fundi ni maelezo yanayoingia akilini, ila hayajathibitishwa. La pili ni la Marekani ya karne ya 19: kwanza lilikuwa kumtoa mtu mahali kwa nguvu, kisha kumtoa kazini. Maneno hayohayo ya kumtoa mtu kwa moto yamo katika soneti ya 144 ya Shakespeare, iliyochapishwa mara ya kwanza 1599, na wapo wanaoruka kutoka hapo hadi ofisi za Chicago. Kuna pengo la miaka zaidi ya 250 katikati, na kufanana si ukoo. Lenye mtego zaidi ni "cashier". Likiwa nomino ni keshia wetu. Likiwa kitenzi halina undugu wowote na sanduku la fedha: limetoka kwenye neno la kubatilisha, na linamaanisha kumfukuza afisa jeshini kwa aibu. Katika jeshi la Uingereza, ambako hadi 1871 vyeo vya maafisa vilinunuliwa, aliyefukuzwa hivyo alipoteza pia fedha alizonunulia cheo, tofauti na aliyejiuzulu akaruhusiwa kukiuza. Tafsiri isiyoonyesha aibu hiyo na hasara hiyo haijafika.

Hapa Kiswahili si maskini hata kidogo, na inasikitisha kuona waandishi wake wakijibana kwenye neno moja. Rais wa Tanzania hatengui ajira, anatengua uteuzi, na tangu enzi ya Magufuli mtaa ukaongeza kutumbuliwa, kwa sababu mtumishi mbovu aliitwa jipu. Kenya mtu hupigwa kalamu. Klabu humtema mchezaji na kumtimua kocha, na tofauti ipo: wa kwanza hakuongezewa mkataba, wa pili ametoka kabla ya wakati. Mgombea huenguliwa. Mgeni asiyetakiwa nchini hupigwa PI, yaani "prohibited immigrant", mhamiaji aliyekatazwa, herufi mbili zilizobaki kutoka kwenye Kiingereza cha uhamiaji cha enzi za ukoloni. Mpenzi hutoswa, na watu wa pwani wanajua kwamba kutosa ni kutia kitu majini kizame.

Swali la tatu, la kurudi, ndilo linalopima uzito. Waathene, ambao Kiingereza kimewachukulia "ostracize", waliandika jina la mtu kwenye vigae, na vikifika 6,000 aliyetajwa zaidi alipewa siku 10 kuondoka na kukaa nje miaka 10. Mali yake ilibaki yake. Aristides alitolewa mwaka 482 KK akaitwa arudi miaka miwili baadaye, Waajemi walipovamia. Uingereza ya zama za kati ilikuwa na kuiapia nchi kwamba hutarudi: mhalifu aliyekimbilia kanisani alikuwa na siku 40, alikiri mbele ya afisa wa mfalme, akapangiwa bandari, akatembea hadi huko kwa njia kuu ameshika msalaba wa mbao, na kama hakuna meli aliingia majini hadi magotini kila siku kuonyesha kwamba anataka kuvuka. Asiyefika mahakamani kabisa alitangazwa "outlaw", aliye nje ya sheria, na katika karne za mwanzo mtu huyo alihesabiwa kama mbwa mwitu ambaye yeyote anaweza kumuua. Uingereza ilimaliza kuufuta utaratibu huo kwa makosa ya jinai mwaka 1938. Kwa hiyo kati ya maneno haya ya kutoa lipo lililobeba ruhusa ya kuua, na lilikuwa la kisheria, lenye mhuri. La mtaani lilikuwa pole kuliko hilo.

Hapa ndipo hoja nzito dhidi ya wale wanaosema 86 ni neno la mgahawa tu. Yapo maneno baridi ya kutupa ambayo yamefunika vifo, na mfano mbaya kuliko wote ni "jettison". Ni neno la biashara ya bahari: meli ikiwa hatarini, nahodha hutupa sehemu ya shehena ili kuokoa iliyobaki, na hasara hugawanywa kati ya wenye mali wote. Kanuni hiyo ni ya zamani sana, Warumi waliiita sheria ya kisiwa cha Rhodes. Mwishoni mwa Novemba 1781, mabaharia wa meli ya Zong, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool, walianza kuwatupa baharini Waafrika waliokuwa wakisafirishwa utumwani, kwa madai kwamba maji ya kunywa hayatoshi. Waliotupwa walizidi 130. Wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila mtu, kwa kanuni hiyohiyo ya shehena iliyotupwa ili kuokoa nyingine. Katika kesi ya 1783 swali lililobishaniwa lilikuwa kama ulazima ulikuwepo, na Jaji Mkuu Mansfield alieleza kwamba kwa sheria ilivyokuwa, jambo hilo lilikuwa sawa na farasi kutupwa baharini. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, ndiye aliyempelekea Granville Sharp, mpinzani wa utumwa, habari hiyo, na Sharp akajaribu bila mafanikio kufungua kesi ya mauaji. Mauaji yalikaa ndani ya neno la makarani kwa sababu kila aliyelitumia alilichukua kama neno la mizigo.

Kisa hicho kinamwonya anayesema neno fulani haliwezi kuua kwa kuwa ni la kazi fulani. Lakini hakimpi ushindi anayesema kila neno la kutupa ni la kuua. Kilichothibitisha mauaji kwenye Zong hakikuwa asili ya "jettison". Ilikuwa ni kwamba waliotupwa walikuwa watu, palikuwa bahari kuu, na hakuna mlango wa kurudi. Yapime makombe ya Comey kwa kipimo hicho. Anayetajwa ni mtu, ndiyo. Anatolewa kutoka kwenye namba, yaani cheo, kwa kuwa 47 si jina la mtu bali ni nafasi yake kwenye orodha ya marais. Wenye mamlaka ya kumtoa hapo wanajulikana: wapiga kura na Bunge la Marekani. Anayetaka kudai maana ya kuua anapaswa kuleta kitu cha ziada, silaha, mpango, mahali, saa, na picha ile haikuwa na hata kimoja.

Kwa dawati la habari la Kiswahili kazi inabaki ya vitendo. Neno la kutoa likija kutoka mashirika ya habari, usianze na kamusi. Anza na sentensi: tafuta kitenzi kinamwangukia mtu, kitu au mamlaka. Kisha tafuta mlango, halafu mwenye mamlaka, halafu uliza kama kurudi kunawezekana. Ndipo uchague. "Deep-six" litakufikia kwenye habari za nyaraka zilizoharibiwa. Ni la mabaharia, lina kina cha futi 36 ndani yake, na kwenye kashfa ya Watergate, iliyomwangusha Rais Nixon wa Marekani, mwanasheria wake wa Ikulu John Dean alieleza mwaka 1973 kwamba aliambiwa afanye hivyo kwa mkoba wa ushahidi. Liandike kutosa, litakaa vizuri. "Yeet" la vijana, lililoingia Merriam-Webster mwaka 2022, ni kuvurumisha bila kujali kitaangukia wapi. Mitandaoni "kick" na "ban" si kitu kimoja: wa kwanza anaweza kurudi dakika hiyohiyo, wa pili hawezi.

Na 86 yenyewe? Kiswahili kina kitenzi kilichopita njia ileile. Wali umeisha, tumeumaliza. Mtu naye humalizwa, ama kisiasa, kwenye sanduku la kura, ama kwa panga. Kwa hiyo wengi wangeandika "tummalize wa 47" wakidhani wamepata mizani sawa. Hawajapata. Kwetu maana ya kuua katika kummaliza mtu ni nzito na inajulikana na kila mtoto. Kwa Kiingereza ile ya 86 ni changa kiasi kwamba kamusi kubwa bado haijaipokea. Tafsiri hiyo ingemhukumu mwandishi wa makombe kabla msomaji hajafika aya ya pili. Kitenzi kinachofaa ni kutoa. Mchezaji hutolewa uwanjani, mlevi hutolewa baa, kiongozi hutolewa madarakani, na aliyeshikilia kisu naye anaweza kumtoa mtu roho, ila lazima ataje roho. Jikoni andika samaki wameisha. Baa andika amekatazwa kuhudumiwa. Chini ya picha ya makombe yale, andika: mtoeni wa 47.